Kitanda Usichokilalia: Hotuba kwa Wanaowalea Wenzao

Hotuba hii kuhusu ukocha, yaani kumsaidia mwenzako aione njia yake mwenyewe, niliitoa mbele ya wasimamizi wa kazi, walimu na makocha. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka hapa nzima.

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengine mmetoka kazini moja kwa moja, nawaona bado mmeshika mafaili. Sitawachosha kwa utangulizi mrefu.

Naanza na swali. Mara ya mwisho mtu alipokuletea tatizo lake, ulimwacha aseme kwa muda gani kabla hujamkatiza? Dakika tano? Dakika moja? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, tena jijibu kweli.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha utafiti kuhusu madaktari na wagonjwa wao. Walisikiliza kanda za mazungumzo 74 ya chumba cha daktari. Daktari anauliza, “Unasumbuliwa na nini?” Mgonjwa anaanza kueleza. Kwa wastani, daktari alimkatiza baada ya sekunde 18. Sekunde 18! Hata kwenye kiti hajatulia. Na wagonjwa waliofika mwisho wa maelezo yao hawakutimia hata robo. Sidhani kama hao walikuwa madaktari wabaya. Walikuwa watu wenye ujuzi, na nia njema walikuwa nayo. Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili: tunawakatiza watu kwa sababu tunataka kuwasaidia.

Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msimamizi wa idara. Asubuhi moja akaja kijana, kiongozi wa kikundi cha watu watano, kakumbatia daftari lake kifuani. Akasema, “Shikamoo mzee. Ripoti zetu za mwezi zinachelewa, na nadhani...” Hakufika mbali. Kazi ile niliifanya mwenyewe miaka tisa. Ripoti kuchelewa halikuwa jambo geni kwangu. Nikachukua daftari lake, nikafungua ukurasa mtupu, nikamchorea ratiba: nani alete nini, siku gani, ampelekee nani. Tarehe ya mwisho nikaipigia mistari miwili chini yake. Akashukuru, akaondoka, nami nikabaki nimeridhika kabisa.

Mwezi uliofuata ripoti ikachelewa zaidi. Kijana akarudi, akafungua ukurasa uleule, nikauona mwandiko wangu na ile mistari yangu miwili. “Mzee, nilifanya kama ulivyosema.” Alisema kwa adabu, bila lawama hata chembe, na ndiyo maana maneno yale yalinichoma. Nikamwambia, “Siku ile ulisema ‘nadhani.’ Ulikuwa unadhani nini?” Akanyamaza. Akageuka kutazama kama mlango umefungwa. Halafu akaeleza. Watu wawili katika kikundi chake walikuwa hawasemeshani tangu mmoja wao alipopandishwa cheo. Takwimu za huyu ndizo zilizosubiriwa na yule, na hakuna aliyekuwa tayari kumwendea mwenzake kwanza. Ratiba haikuwa na kosa lolote. Na kijana alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Lilikuwa limekaa nyuma ya neno “nadhani,” likingoja zamu yake ya kusemwa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimetandika shuka safi juu ya kitanda nisichokilalia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunapozungumza leo kuhusu ukocha, nataka tuelewane tunazungumzia kitu gani. Mwalimu ana maarifa ambayo mwanafunzi hana, naye anampa. Mlezi amepita njia ambayo wewe ndiyo kwanza unaianza, naye anakusimulia mashimo yako wapi. Mnasihi anakaa na mtu aliyeumia. Wote hao tunawahitaji. Lakini kocha kazi yake ni nyingine: anamsaidia mwenzake kuona vizuri kile ambacho mwenzake mwenyewe amekilalia. Neno lenyewe lina safari ndefu. Limetufikia kupitia Kiingereza, na asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakaanza kumwita hivyo hivyo yule mwalimu wa pembeni anayemvusha mwanafunzi kwenye mtihani, kisha michezo nayo ikalichukua. Kocha, basi, ni gari. Na gari halimwamulii abiria anakokwenda.

Mtaniuliza: sasa nikinyamaza, nikiacha kumpa mtu jibu, atajifunza vipi?

Niwapeleke kwenye uwanja wa tenisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko California, kulikuwa na mwalimu wa tenisi anayeitwa Timothy Gallwey. Alifundisha kama walivyofundisha wenzake: kunja magoti, rudisha mkono nyuma, usikaze kifundo, tazama mpira. Halafu akaanza kugundua jambo lililomshangaza. Siku alizosema kidogo, wanafunzi walirekebisha makosa ambayo hata hakuwa amewatajia. Siku alizosema sana, walikakamaa. Ukimwambia mtu “tazama mpira,” anakaza macho, anakaza shingo, anakaza mkono, na mpira unampita.

Gallwey akabuni kitu chepesi mno. Akawaambia: mpira ukigusa ardhi, sema “dunda.” Ukigusa raketi, sema “piga.” Basi. Hakuna la goti wala la mkono. Jaribuni kuiona picha: mtu mzima anakimbia uwanjani huku anatamka, “Dunda... piga. Dunda... piga.” Ili utamke “dunda” wakati mpira unagusa ardhi hasa, si kabla wala si baada, huna budi kuutazama mpira. Macho yanafanya kazi yake yenyewe. Na ile sauti ya ndani inayokukaripia, “umekosea tena, wewe huwezi,” inakosa nafasi, kwa kuwa kichwa kimeshashikwa na kazi nyingine.

Kwangu mimi, hakuna funzo la ukocha lenye uzito kuliko hili. Mpe mtu kitu cha kutazama, usimpe hukumu ya kubeba.

Nilikuja kuliona kwa macho yangu. Dada mmoja niliyekuwa nikikutana naye kila wiki mbili alikuwa mtaalamu hodari, lakini kwenye vikao sauti yake ilikuwa inazama. Kila bosi aliyepita alimwambia maneno yaleyale: jiamini. Sasa jamani, “jiamini” mtu anaifanyaje? Inaanzia mkono gani? Safari hii sikumwambia ajiamini. Nilimwomba jambo moja tu: “Kikao kijacho, kila ukisikia sauti yako inashuka mwisho wa sentensi, chora kijistari kwenye karatasi. Usirekebishe chochote. Chora tu.”

Akarudi na karatasi imekunjwa mara nne. Vijistari 11. Nikauliza, “Unaona nini hapa?” Akaviangalia muda mrefu, akaanza kuweka alama pembeni mwa kila kimoja, akikumbuka alikuwa anazungumzia nini. Halafu akacheka peke yake. Vijistari tisa kati ya 11 vilikuwa mahali alipokuwa anasoma takwimu zilizoandaliwa na idara nyingine. Hakuwa mwoga wa kuzungumza! Alikuwa mwaminifu mno kiasi kwamba sauti yake ilikataa kubeba namba asizozihakiki. Kuanzia hapo akawa anaomba takwimu siku mbili kabla ya kikao na kuzipitia mwenyewe. Uamuzi huo ulikuwa wake. Mimi nisingeufikia hata kwa mwaka mzima wa kumwambia ajiamini.

Sasa tuje kwenye kuuliza, kwa maana hapa wengi wetu tunajidanganya. Tumesikia kwamba kocha anauliza maswali, basi tunachukua ushauri wetu uleule na kuubandika alama ya kuuliza. “Huoni ingekuwa vizuri ukizungumza naye?” “Hujafikiria kuomba uhamisho?” Hayo ni maswali? Hizo ni amri zilizovaa kanzu ya swali, na mwenzako anazitambua kutoka mbali. Atakujibu “ndiyo mzee, nitafikiria,” na hapo mazungumzo yamekufa.

Swali la kweli ni lile ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. “Ukisema mambo yamekaa sawa, utakuwa unaona nini ambacho leo hukioni?” “Umeshajaribu nini, na kilitokea nini?” “Katika hayo yote, lipi liko mikononi mwako?” Na swali ninalolipenda kuliko yote lina maneno matatu: “Na nini kingine?” Liulize baada ya jibu la kwanza. Liulize tena baada ya la pili. Jibu la kwanza mara nyingi ni lile ambalo mtu amezoea kulitoa kwa kila anayemuuliza. La tatu ndilo analolisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tahadhari moja: “kwa nini” itumieni kwa uangalifu. “Kwa nini ulichelewa?” inamfanya mtu ajitetee. “Nini kilitokea asubuhi ile?” inamfanya akumbuke.

Mpo mliosoma ule mpangilio wa hatua nne uliovuma sana kupitia John Whitmore wa Uingereza, dereva wa mbio za magari aliyetwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1965 na baadaye akajifunza ukocha kwa Gallwey. Kwanza lengo, kisha hali ilivyo, kisha njia zilizopo, mwisho nini kitafanyika. Ni mpangilio mzuri na ninautumia. Ila nimeona watu wakiushika kama fomu ya kujaza: wamemaliza lengo, wanageuza ukurasa, huku mwenzao machozi yanamlengalenga na hakuna aliyeyaona. Fomu haimwoni mtu. Wewe ndiye unayemwona.

Na ukishauliza, nyamaza.

Nyamaza, ndugu yangu. Nyamaza kweli. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alitumia miaka mingi kusikiliza kanda za darasani na kupima kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijali: mwalimu akishauliza, anangoja kwa muda gani? Akakuta ni kama sekunde moja. Moja! Mtoto bado anavuta pumzi, mwalimu keshauliza mwingine au kajijibu mwenyewe. Walimu walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi, “sijui” zikapungua, na watoto waliokuwa kimya siku zote wakaanza kusema. Kwa sekunde tatu tu!

Tujaribu. Nitauliza swali, halafu nitangoja. Ni nani katika maisha yako amewahi kukusikiliza mpaka ukamaliza?

...

Mmeona? Mmeona ukimya ulivyo mzito? Nimesikia viti vikilia. Kuna aliyekohoa bila kikohozi. Hizo zilikuwa sekunde 10. Sasa fikiria zile nyuso zilizowajia. Sekunde ya kwanza huenda hapakuwa na mtu. Ya tano au ya sita, akaja. Ndivyo anavyofika hata yule unayemlea. Usimfungie mlango akiwa njiani.

Tugeukie jambo ambalo najua linawakera wengi: kumwambia mtu ukweli kuhusu kazi yake. Msije mkadhani kocha anauliza tu na hasemi alichokiona. Nyani haoni kundule, na hakuna aliyeepuka hilo, hata bingwa. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, alikuwa na miaka minane kazini alipoona kiwango chake hakipandi tena. Akafanya jambo ambalo ni wachache wa hadhi yake wangelithubutu. Alimwomba mwalimu wake wa zamani, daktari mstaafu, aje chumba cha upasuaji asimame pembeni, amtazame akifanya kazi. Aliyasimulia mwenyewe mwaka 2011. Upasuaji ule wa kwanza ulikwenda vizuri, naye hakudhani mzee atakuwa na mengi ya kusema.

Mzee alikuwa nayo. Kiwiko chako cha kulia, alimwambia, mara kwa mara kinapanda mpaka usawa wa bega, na mkono ukiwa juu hivyo huwezi kuwa na shabaha. Na ile taa kubwa ilikuwa imehama kutoka kwenye jeraha. Karibu nusu saa daktari alifanya kazi kwa mwanga wa kuazima, na hakujua.

Angalieni mzee yule hakusema nini. Hakusema “unaonekana umechoka siku hizi.” Hakusema “daktari mzuri huwa makini.” Hakugusa tabia wala utu wa mtu. Alisema kiwiko. Alisema taa. Kiwiko unaweza kukishusha.

Na hili si suala la upole tu. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu kuwapa watu mrejesho wa kazi zao. Kwa wastani mrejesho ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya hali walizozipima, baada ya mrejesho kazi ilishuka. Ilishuka! Maelezo yao ni kwamba mrejesho unapohamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake, anaacha kushughulika na kazi na kuanza kushughulika na aibu. Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa, jiulize: hili ninalotaka kusema, ningeweza kulipiga picha? Kama haliwezi kupigwa picha wala kurekodiwa, huenda si ulichokiona. Huenda ni unachokidhani. Liache, au liulize.

Hata sifa ziko hivyo hivyo. “Umefanya vizuri sana” inafurahisha mpaka mlangoni. “Yule mteja alipopandisha sauti, wewe ulishusha yako, naye akakufuata” – hiyo mtu anaondoka nayo, na kesho ataitumia.

Kuhusu hatua za kuchukua nitasema kwa ufupi. Mazungumzo mazuri yasiyozaa tendo ni maongezi ya barazani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ametuonyesha kitu cha manufaa hapa: mtu akiifunga nia yake kwenye wakati na mahali, kwa namna ya “likitokea hili, nitafanya hili,” uwezekano wa kutimiza unaongezeka. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walijumlisha majaribio 94 na kukuta matokeo ya kutosha kutiliwa maanani. Basi mwenzako akisema “nitajitahidi kuzungumza naye,” usimwachie hapo. Muulize: lini, wapi, na sentensi yako ya kwanza itakuwa ipi? Mwache aitamke sentensi hiyo kwa sauti mbele yako. Mara nyingi ni hapo anapogundua kwamba hajawa tayari, na ni heri agundue kwako.

Kuna mipaka pia, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Nyumba ya mtu ikiwaka moto, usimuulize lengo lake ni nini. Mwambie toka. Kazi ya hatari, sheria, usalama, mtu mgeni kabisa kazini: hapo fundisha, elekeza, amuru ikibidi. Ukimuuliza maswali mtu asiye na chochote cha kuchota, unamtesa.

Na ukisikia mtu amekata tamaa ya kuishi, au analala na kuamka na maumivu ambayo wewe hukusomea, usijifanye mponyaji. Kaa naye, usimwache peke yake, mfikishe kwa wenye taaluma hiyo.

La tatu ni siri. Wengi wenu hapa ni makocha, na wakati huohuo ni mabosi. Leo anakufungulia moyo, mwisho wa mwaka wewe ndiye unayemjazia fomu ya tathmini. Mnadhani yeye hajui? Anajua tangu anabisha hodi. Niliwahi kukosea hapa. Jambo nililoambiwa faraghani nililitaja kwenye kikao cha wakuu, kwa nia njema kabisa, nikitaka mhusika apunguziwe mzigo. Alipunguziwa. Na hakunieleza jambo lolote tena mpaka alipoacha kazi. Alikuwa ananisalimia vizuri kila asubuhi, ananijibu “salama, mzee,” na mlango ulikuwa umefungwa. Tangu siku ile, kabla ya mazungumzo yoyote, namweleza mtu waziwazi nini kitabaki kati yetu na nini siwezi kukificha. Wakati mwingine, baada ya kusikia hayo, mtu anachagua kutosema. Ni haki yake, nami namshukuru kwa kunieleza hivyo.

Muda uliobaki sitaki niumalize kwa maneno yangu. Geukeni, kila mmoja apate mwenzake, ikiwezekana mtu ambaye hamfanyi kazi pamoja. Mmoja ataeleza jambo moja la kweli linalomsumbua kazini, si kubwa mno, dogo lakini la kweli. Mwingine ana ruhusa ya vitu viwili tu: kuuliza na kunyamaza. Hakuna ushauri. Hakuna “hata mimi yalinikuta.” Jibu likikujia mpaka kwenye ncha ya ulimi, na litakuja, shika kalamu yako, libane hapo, ulize “na nini kingine?”

Dakika sita, kisha mtabadilishana. Saa naitazama mimi. Mliokaa upande wangu wa kulia, anzeni.